Ibada, uzuri na fedha za wanasiasa katika mitaa ya mabanda

ASKOFU Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alipoagiza mnamo Novemba 18, 2024 kwamba Sh2.6 milioni zilizotolewa na Rais William Ruto siku moja kabla katika Kanisa Katoliki la Soweto jijini zirejeshwe, wengi walilitazama tukio hilo kwa jicho la siasa. Haikushangaza. Siku chache awali maaskofu wa Kikatoliki walikuwa wameisuta serikali hadharani, na kurudishwa kwa fedha hizo kulionekana kama msumari juu ya kidonda.

Hata hivyo, katika hesabu hiyo mlikuwa na jambo ambalo halikuzungumziwa sana. Sh2 milioni zilikusudiwa ujenzi wa nyumba ya mapadri, na Sh600,000 zilizosalia zilikuwa za kwaya na kikundi cha watoto. Sehemu ya fedha zilizokataliwa, basi, ilikuwa ya sauti ya ibada yenyewe. Hapo ndipo panapozuka swali linalopita siasa za msimu mmoja: ikiwa ibada nzuri ina gharama, ni nani anayestahili kuigharamia mahali ambapo waumini ni maskini?

Soweto hiyo si ile ya Kibera, lakini swali lenyewe lina uzito huko pia, hususan Silanga, kijiji kilicho upande wa Bwawa la Nairobi. Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1953 na kwa miaka mingi sasa limesongwa na gugumaji na majitaka. Mkazi wa Silanga hununua maji kwa mtungi, hulipia choo, na hulala na jamaa yake katika chumba kimoja cha mabati. Kwa mtu kama huyo, kikombe cha Misa kilichopakwa dhahabu kinaweza kuonekana kuwa kejeli.

Pingamizi hili si geni. Katika karne ya nne, Mtakatifu Yohane Krisostomo aliwakemea waumini waliomheshimu Kristo kwa hariri ndani ya kanisa huku wakimwacha nje akitetemeka kwa baridi, yaani katika mwili wa maskini. Kwa upande wa pili, Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake kuhusu Ekaristi wa Aprili 17, 2003, alimkumbuka mwanamke wa Bethania aliyemimina marhamu ya thamani, akasema Kanisa halikuogopa kutumia mali kwa ajili ya Ekaristi. Mwaka uliofuata Vatikani ilitoa maagizo ya kukataza vyombo vya kioo, vya udongo na vinginevyo vinavyovunjika kwa urahisi kutumiwa katika Misa.

Anayesoma haraka atadhani pande hizi mbili zinapingana. La hasha. Krisostomo hakuamuru kanisa livuliwe mapambo. Alikataa pambo linalochukua nafasi ya haki. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikani, katika hati yake kuhusu liturujia ya Desemba 4, 1963, ulihimiza uzuri wenye heshima badala ya fahari tupu, na ukataka muziki wa jadi wa mataifa upewe hadhi yake. Ndiyo maana kayamba na ngoma zinasikika katika Misa bila mtu kushtuka. Mabishano makali kuhusu Misa ya Kilatini, yaliyochochewa upya na agizo la Papa Fransisko la Julai 16, 2021, yamewashughulisha zaidi Wakatoliki wa Ulaya na Marekani.

Kinachosahauliwa na wanaowaonea huruma maskini kutoka mbali ni kwamba uzuri wa ibada mitaani aghalabu hutoka kwa maskini wenyewe. Tangu mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walipozipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, sala imeingia hadi nyumbani. Padre anapokuja kuadhimisha Misa katika jumuiya, kitanda husogezwa, meza ya chai hutandikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi ya makaa, mshumaa huwashwa na majirani hubanana hadi mlangoni. Mvua ikinyesha juu ya mabati, mahubiri hayasikiki tena, na watu hunyamaza wakingoja. Unyenyekevu wa namna hiyo haununuliwi dukani. Sare ya kwaya nayo hulipwa kwa michango ya shilingi hamsini hamsini, na anayeivaa anajua ameiacha nini ili aipate.

Sasa mlete mheshimiwa na bahasha. Mkono mtupu haulambwi, na aliyelambisha hutarajia kitu. Atapewa kiti cha mbele, kisha kipaza sauti, na watu waliokuja kusali watageuzwa kuwa hadhira ya mkutano wa kisiasa. Mwaka 2021 maaskofu wa Kikatoliki, sawa na wenzao wa Anglikana, walipiga marufuku siasa ibadani, ila tukio la Soweto lilidhihirisha kwamba marufuku bila kuikataa fedha yenyewe ni nusu ya kazi. Kasoro ya agizo la Anyolo, ikiwa ipo, ni kwamba gharama yake huangukia parokia zisizo na matajiri. Ukarimu wa parokia tajiri za jiji hilohilo ungeweza kuziba pengo hilo. Kunyamaza kwao kungewapa wanasiasa upenyo wa kurejea.

Papa Fransisko alipozuru Kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Kangemi, jirani na Kawangware, mnamo Novemba 27, 2015, alisifu mshikamano wa mitaa hii kama tunu isiyonunulika sokoni, kisha akalaani kunyimwa kwake maji na huduma za usafi. Aliyasema yote mawili katika kanisa moja, na hakuona haja ya kuchagua.

Kila Ijumaa Kuu, waumini wa Kibera hubeba msalaba kupitia vichochoro, wakiruka mitaro ya majitaka kati ya kituo na kituo. Wauza mboga hupunguza sauti wanapopita. Wanasiasa huonekana kwa nadra mle.