Hoja juu ya Bastola Ndogo

Yapo maneno ambayo husemwa kwa kicheko, na kwa ajili ya kicheko hicho hayapimwi. Mojawapo husikika Mutomo kila inapotajwa bastola ndogo ya kulengea shabaha, ile ambayo risasi yake ina unene wa milimita 5.6 tu. Husemwa kuwa hicho ni kitu cha kuchezea watoto. Kwamba mwanamume anayetaka kujifunza kulenga na aanze na bastola ya milimita 9, kama ya askari, apate kujua mshindo ni nini. Nakusudia kuupinga usemi huu, maana si wa kipuuzi tu, bali una hatari ndani yake. Najua kwamba wasomaji wangu hawatanunua bastola kesho, wala sheria haitawaruhusu. Lakini fikira huingia kichwani mapema kuliko leseni inavyoingia mfukoni.

Risasi hiyo ndogo ni ya ukoo wa zamani. Smith & Wesson wa Marekani walianza kuuza bastola ya namna hiyo mwaka 1857, na risasi iliyo ndefu zaidi, ambayo hutumiwa leo duniani kote, ilitoka mwaka 1887. Katika risasi kubwa, fataki iwashayo baruti huwekwa katikati ya kitako cha ganda. Katika hii ndogo, fataki imepakwa ndani ya ukingo wa kitako, na nyundo ya bastola huugonga ukingo huo. Kwa hiyo ganda lake ni jembamba, halihimili nguvu nyingi, na risasi yenyewe ni nyepesi, yapata gramu 2 na nusu. Hutoka bila kuushtua mkono. Tena bei yake ni nafuu, na jambo la bei si dogo, kwani hakuna mtu aliyepata kujua kulenga kwa risasi 10.

Sasa na tuitazame bastola kubwa mikononi mwa mwanafunzi. Hupiga kelele na kuruka. Mwili wa binadamu haupendi kushtuliwa. Baada ya mara tatu au nne huanza kujikinga kabla ya mshindo kufika. Macho hufumba, kifundo cha mkono huinama, kidole hukivuta kifyatuo kwa pupa, na risasi huzama mchangani chini ya shabaha. Mwanafunzi hudhani macho yake ni mabovu, kumbe mkono wake umejifunza woga. Woga huo hufundishwa kwa dakika chache, na huweza kuchukua miezi kuuondoa. Yule aliyecheka bastola ndogo ndiye mwalimu wake.

Hujibiwa kwamba sisi ni wana wa wapiga mishale. Kwamba Wakamba walijulikana kwa uta tangu misafara ya pembe za ndovu iliposhuka pwani, na kwamba walikuwa miongoni mwa watu waliotoa askari wengi katika King's African Rifles. Ni kweli, na kweli hiyo inanisaidia mimi. Mpiga mishale alifundishwaje? Mtoto hakupewa uta wa baba yake, ambao hata kuuvuta asingeweza. Alipewa uta mdogo wa kadiri ya mkono wake, na mishale isiyo na sumu, akahangaika na shabaha za mchezo mpaka jicho na mkono vikapatana. Sumu ya msunguti, ile iliyochemshwa mpaka ikawa nyeusi kama lami, haikuwa kitu cha kuanzia. Hata kwa mtu mzima, ncha ya mshale wenye sumu ilifungwa kwa utepe wa ngozi mpaka wakati wa kuutumia, ili sumu isikauke na mwenyewe asijichome. Watu hawa hawakuwa waoga. Wahenga wametuambia kuwa mtoto akililia wembe apewe, na mimi huiheshimu hekima ya wahenga, ila methali hiyo siipendi hata kidogo, wala sidhani kwamba mzee yeyote wa Kikamba aliifuata katika habari ya sumu.

Anayeona haya kushika bastola ndogo na amfikirie Károly Takács, askari wa Hungaria. Mwaka 1938 kombora la mkono liliuharibu mkono wake wa kulia, ule wa kulengea. Alianza upya kwa mkono wa kushoto, peke yake, kama mtoto anayejifunza kuandika. Katika Michezo ya Olimpiki ya London ya mwaka 1948 alipata medali ya dhahabu katika kulenga kwa haraka, umbali wa mita 25, na mwaka 1952 huko Helsinki akaipata tena. Mashindano hayo mpaka leo ni ya bastola ndogo.

Lakini neno "kichezeo" lina ubaya mwingine, nao ndio unaonisumbua zaidi. Risasi hii ambayo wanaidharau huweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Ni ya risasi laini, nayo ikipiga jiwe huruka na kugeuza njia bila kumwuliza mtu. Nchi ya Mutomo ni nchi ya vilima vya mawe, na nyuma ya kichaka chochote pana mbuzi, na nyuma ya mbuzi pana mtoto anayewachunga. Mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba ameshika kichezeo atatundika kopo juu ya mwamba, afyatue, aende zake akicheka. Sitaki kufikiri yatakayofuata.

Wapo pia wenye jibu lisilo la mzaha. Kusini mwa Kitui watu wameuawa katika ugomvi wa malisho na maji baina ya wakulima na wafugaji wa ngamia, na mtu aliyemzika ndugu yake hasikilizi habari za medali. Atasema: Nipe kubwa. Huzuni yake naiheshimu, lakini haja yake si kulenga shabaha, na haifai kuvikwa nguo ya mchezo. Na apeleke dai la ulinzi kwa serikali kwa jina lake halisi, na serikali idaiwe jibu. Akijificha nyuma ya mchezo, Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha itadanganywa, na walengaji wa kweli watashukiwa wote.

Basi kwa yule ambaye siku moja atakuwa na umri, cheti na nia safi, shauri langu ni hili. Aache bastola fupi ya mfukoni. Mtutu mrefu huzitenga mbali alama za kulengea, na kosa dogo huonekana kabla halijawa kubwa. Alama hizo ziwe za kurekebishika. Mpini uujaze mkono bila kuulazimisha. Kifyatuo kisiwe kizito, wala kisiwe chepesi kupita kiasi. Mashindano ya mita 25 ya wanawake hudai kisipungue uzito wa gramu 1,000, na kipimo hicho chatosha kwa mwanafunzi. Kati ya bastola yenye silinda na ile yenye kasha la risasi, mimi huchagua ya kasha, ijapokuwa hukwama mara kwa mara. Tena risasi za ukingo hazikosi moja isiyolipuka. Hapo mtutu hubaki ukielekea shabaha, mtu akahesabu mpaka 30 ndipo aifungue. Na kabla ya kulipa hata shilingi moja, na asafiri mpaka kiwanja halali, kama kile cha Kirigiti kule Kiambu, aombe kuzijaribu tatu au nne mbele ya msimamizi, risasi 50 kwa kila moja, azihifadhi karatasi za shabaha na kuzilinganisha nyumbani.