Kabla Umfute Dereva, Fungua Kifuniko cha Tangi

Wasee, leo naongea kitu ambacho mafundi wengine watanikasirikia. Mashine ya dizeli ikianza kukosa nguvu ikiwa na mzigo, kitu cha mwisho kuguswa kinafaa kuwa pampu, na mtu wa mwisho kulaumiwa anafaa kuwa dereva. Kwa mjengo hapa Nairobi tunaanza na hao wawili. Kila wakati.

Nilikuwa nimeenda saiti moja Syokimau kushuti video. Kulikuwa na loda ndogo, ile ya kugeuka papo hapo, ambayo wengi wetu tunaiita bobcat hata kama imeandikwa jina lingine. Kazi yake ilikuwa kusukuma maramu na kupakia kifusi. Asubuhi inawaka poa. Ikiwa imesimama, ukivuta akseleta inanguruma vizuri kabisa. Lakini ikifanya kazi kama nusu saa, ukiingiza ndoo kwa rundo inaanza kulegea. Sauti inashuka, inashuka, inataka kuzima. Ukiizima ukaiacha ipumzike kidogo, inarudi kama hakuna kitu kilitokea.

Mwenye mashine alikuwa na jibu tayari: dereva anauza dizeli na kujaza pengo na mafuta taa. Ushahidi wake? Shida ilikuwa inakuja haraka zaidi siku ambayo tangi limejazwa. Kwa hivyo, kulingana na yeye, hayo mafuta mapya ndiyo machafu.

Sasa, sitajifanya kwamba hiyo shuku ilitoka hewani. Kuchanganya dizeli na mafuta taa kulikuwa biashara kubwa hapa Kenya, mpaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ndiyo hiyo tamaa ipungue. Na ni kweli mafuta taa yana nguvu kidogo kuliko dizeli lita kwa lita, tena hayalainishi pampu vizuri. Lakini mafuta taa hayajui saa. Kama mafuta ni mabaya, mashine itakuwa dhaifu kuanzia asubuhi, haitangoja nusu saa ipite. Hakuna mtu aliuliza hilo swali. Jamaa akaambiwa aende nyumbani, siku nne alizokuwa amefanya hazikulipwa.

Fundi wa kwanza akaja, akasikiliza kama dakika mbili, akasema pampu. Ikatolewa, ikaenda kufunguliwa na kupimwa upya, ikakaa huko wiki nzima. Elfu arobaini na kitu ikaenda. Ikarudishwa, mashine ikawashwa, na baada ya nusu saa… manze, unajua tayari.

Fundi wa pili alikuwa mzee mmoja mpole, hakuja hata na sanduku kubwa la spana. Aliniona na simu akaniuliza, "Kijana, uliirekodi ikilegea?" Nikamwambia, "Ndiyo, mzee." Akaisikiliza mara mbili, akiwa amefunga macho. Mimi hapo nilikuwa nafikiria ni drama. Kumbe alikuwa anatafuta kitu kimoja: sauti ya injini inashuka, au injini inabaki na sauti yake lakini mashine haisukumi? Hizo ni shida mbili tofauti kabisa. Injini ikibaki inanguruma juu huku magurudumu na mikono vikilegea, nenda upande wa haidroliki: oili imepungua, filta yake imeziba, ama valvu inaachilia presha mapema. Hapo hata ubadilishe pampu ya dizeli mara kumi, unacheza. Sauti ya injini ikishuka, basi injini yenyewe inanyimwa kitu, ama inabebeshwa kupita kiasi.

Kisha akaangalia moshi kwa ile video. Hakukuwa na moshi mweusi. Moshi mweusi ukiwa na mzigo mara nyingi unamaanisha dizeli inafika lakini hewa haitoshi, kwa hivyo unaangalia filta ya hewa kwanza. (Na tafadhali, acheni kugonga hiyo filta kwa tairi ndiyo vumbi itoke. Karatasi inapasuka, halafu vumbi inaingia kula injini.) Injini kufa polepole bila moshi ni kama mtu mwenye njaa. Dizeli haifiki.

Mzee akasema mashine ifanye kazi mpaka ilegee. Ilipolegea, akaamuru ndoo iwekwe chini na breki ifungwe, akaenda nyuma, akalegeza kifuniko cha tangi. Fyuuu! Hewa ikaingia kwa nguvu, sote tukasikia. Injini ikaamka palepale.

Jaribu hii nyumbani. Chukua chupa ya plastiki ya maji, ziba mdomo wake wote na midomo yako, kisha nyonya. Chupa inajikunja na maji yanakataa kutoka. Tangi ni hivyo hivyo. Dizeli ikitoka lazima hewa iingie mahali pake, na kwa mashine hiyo hewa ilifaa kupitia tundu dogo la kifuniko. Tangi likiwa limejaa, hewa iliyo ndani ni kidogo sana, kwa hivyo ukitoa lita chache tu mvuto unakuwa mkali. Ndiyo maana shida ilikuja haraka siku ya kujaza. Ule "ushahidi" wa wizi ulikuwa unaelekeza kwa kifuniko muda huo wote.

Na kifuniko kilitoka wapi? Mwenye mashine alikinunua mwenyewe. Chenye kufuli. Kisicho na tundu. Alikiweka ndiyo dereva asiibe dizeli.

Nimeshindwa kusahau hiyo.

Sisemi kila mashine ni kifuniko. Inaweza kuwa filta ya dizeli, maji chini ya tangi, mpira uliopasuka unaovuta hewa, ama waya wa akseleta umelegea mpaka injini haipati dizeli ya kutosha. Lakini angalia vile hivyo vyote ni vya bei ndogo na vinaangaliwa kabla ya saa nne asubuhi. Ukihisi dizeli inavuja kwa paipu za presha, usipapase na mkono, tumia kipande cha katoni, kwa sababu ile presha inapenya ngozi. Na usiwahi kuingia chini ya mikono ya loda iliyoinuliwa bila kile chuma cha kuizuia. Nimeona vijana wa rika langu wakichuchumaa hapo wakicheka. Mikono hiyo ikishuka haikupi nafasi ya kupiga nduru.

Najua kwa nini mafundi wanakimbilia pampu. Yule mzee alilipwa elfu mbili, tena baada ya kubishana, kwa sababu "si umefungua kifuniko tu?" Aliyetoa pampu bila sababu alilipwa mara ishirini ya hiyo na akaitwa mtaalamu. Nikiwa fundi na ninaona hivyo, kwani nitafungua kifuniko?

Dereva sasa yuko saiti nyingine Kitengela. Alipigiwa simu arudi, hakuambiwa pole, akakataa. Siku zake nne hazijalipwa mpaka leo. Mkubwa, najua unafuatilia ukurasa huu, na namba yake bado unayo.