Ladha ya tumbaku haipimwi kwa pua

Mfanyabiashara wa mpakani huiamini pua yake na mkono wake. Maharage huyamwaga kiganjani, dagaa huwanusa, kisha hutaja bei. Uzoefu huo umelisha familia nyingi, kuanzia Busia hadi Namanga na Rusumo. Lakini ipo bidhaa moja ambayo uzoefu huo utamponza: vichupa vya ladha ya tumbaku, vinavyonunuliwa na watu wanaojichanganyia nyumbani maji ya sigara za kielektroniki, maarufu kama vepu.

Mchanganyiko wenyewe ni propilini glaikoli, gliserini, nikotini na ladha kidogo. Katika chupa ya mililita 10, ladha ya asilimia 5 ni nusu mililita tu. Mara nyingi ndani yake hamna hata jani moja la tumbaku, bali kemikali zilizopangwa zinukie hivyo. Muuzaji hufungua kifuniko, harufu ya sigara nzuri ikakupata, nawe ukatoa pesa. Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Kwanza, harufu ya chupani si ladha ya mvuke. Wachanganyaji wenyewe huuacha mchanganyiko wa tumbaku utulie hata wiki kadhaa kabla ya kuuhukumu. Anayenunua katoni nzima kwa sababu ya harufu ya siku ya kwanza asishangae wateja wakimrudishia.

Pili, na hili ndilo zito, kinacholika si lazima kifae kuvutwa. Mwaka 2000, katika jimbo la Missouri, Marekani, wafanyakazi wanane wa zamani wa kiwanda cha bisi waligunduliwa kuwa na ugonjwa mbaya wa mapafu. Walikuwa wamevuta mvuke wa ladha ya siagi yenye daiasetili, kemikali iliyoruhusiwa katika chakula. Kemikali hiyo hiyo imekutwa katika baadhi ya maji ya vepu. Kwa hiyo muuzaji akikwambia, "Hii ni ya chakula, haina neno," hajakujibu. Mdai cheti cha maabara kinachotaja daiasetili kwa jina. Kisha dondosha tone kwenye glasi ya maji. Likielea kama mafuta, usimuuzie mvutaji, kwani mafuta yakiingia kwenye mapafu huleta maradhi. Lisipoelea, bado cheti kinahitajika.

Wapo watakaosema kwamba vepu humsaidia mvutaji kuacha sigara. Huenda ikawa hivyo kwa baadhi yao, lakini hoja hiyo haihalalishi chupa isiyo na jina la mtengenezaji.

Tatu ni sheria. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Uganda ya mwaka 2015 inapiga marufuku kuingiza na kuuza sigara za kielektroniki, shisha na tumbaku yenye ladha. Ng'ambo ya pili ya barabara hiyo hiyo, Kenya inatoza ushuru wa bidhaa kwa kila mililita ya nikotini ya maji. Kinacholipiwa kodi asubuhi upande mmoja huwa kosa la jinai mchana upande wa pili. Ukikutwa na kichupa cha ladha kando ya nikotini, utapata shida kumshawishi ofisa kwamba ni cha kupikia keki.

Anayeumia hapa ni mama mwenye kikapu, ambaye hupoteza mtaji wote kwa upekuzi mmoja. Mwenye lori na wakili hupata njia. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza mwaka 2010, na viwango vya pamoja vya mahindi tunavyo. Kwa nini tusiwe na jibu moja kuhusu vepu? Kama ni marufuku, iwe marufuku kote. Kama inaruhusiwa, basi lebo, vipimo na katazo la kuwauzia watoto viwe vya aina moja kutoka Mombasa hadi Bujumbura.

Hadi siku hiyo ifike, ushauri wangu kwa wenzangu wa mpakani ni mmoja: chupa isiyo na karatasi iacheni dukani kwa mwenyewe, hata inukie vipi. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Safari hii yanaweza kuisha na mapafu ya mteja.