VIKUNDI HEWA VISILE MIKOPO YA AKINA MAMA

Mtaji wa mama ntilie si mkubwa: sufuria, mkaa, mchele na maharage ya kuanzia. Akiupata kwa masharti nafuu, huweza kujitegemea na kuwasomesha wanawe. Akiukosa, huangukia mikononi mwa wakopeshaji wa mitaani, ambao mikopo yao wananchi wameipa jina la "kausha damu", akashinda jikoni kwa faida ya mwingine. Huo ni unyonyaji.

Ndiyo maana sheria ya mwaka 2018 iliagiza kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Lakini mwezi Aprili 2023 Serikali ililazimika kuisimamisha, baada ya ukaguzi kufichua vikundi hewa na madeni yasiyolipwa. Ilirejeshwa mwaka 2024.

Kikundi hewa hakijisajili chenyewe. Hupita mezani kwa mtumishi wa umma, naye hutia sahihi. Anayeumia ni mama wa kweli, aliyefungiwa mlango kwa kosa lisilo lake.

Basi maofisa maendeleo ya jamii wasiridhike na makaratasi. Wavitembelee vikundi pale vinapofanyia kazi. Walimu nao wawafundishe wanachama kutunza daftari la mapato na matumizi. Fedha hizo ni jasho la umma: sharti zirudi ili zimfikie mwingine. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichotoboka hakijai.