Nani Asema Hana Kazi?

Bwana mkulima, nawe Bibi, hebu mwulizeni kijana wenu anayekaa nyumbani afanya kazi gani. Atajibu: "Sina kazi, nangoja kuandikwa." Lakini alfajiri ya leo ndiye aliyekamua ng'ombe, akapeleka maziwa barabarani, akarudi kukata majani ya malisho. Je, hiyo si kazi?

Neno hili "kuandikwa" lina asili yake. Wazee waliokaa katika mashamba ya Wazungu walitakiwa na sheria ya mwaka 1918 wamfanyie kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kila mwaka. Kibarua naye alikuwa na tikiti ya siku 30, ikitiwa alama kila siku aliyofanya kazi. Siku aliyolima kishamba chake mwenyewe haikuandikwa popote. Basi watu wakazoea kuwa kazi ni ile iliyomo katika kitabu cha mtu mwingine. Mpango wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, mashamba yakagawanywa, lakini mazoea hayo tuliingia nayo katika skimu.

Hasara yake ni hii. Kijana akikamua na kulisha kwa muda wa saa mbili asubuhi na saa mbili jioni, kwa siku 30 hizo ni saa 120, yaani siku 15 za kibarua wa saa nane. Mgeni ungemlipa bila ubishi. Mwanao humpi ila chakula, kisha akipanda basi kwenda Nairobi wasema vijana wa siku hizi ni wavivu. Mimi siamini kuwa ni uvivu. Tena wajidanganya mwenyewe, maana hiyo unayoiita faida ya maziwa pengine ni jasho la watu wako lisilolipwa.

Nunua daftari. Andika jina la mama kwanza, kwa kuwa yeye ndiye apaliliaye mahindi, kisha la kijana, na siku na saa zao. Patana nao mshahara, hata ukiwa mdogo. Kama fedha hazitoshi, mpe kijana ndama jike awe wake kweli kweli, wala usimwuze karo ya shule inapokubana (tunayajua hayo!) kabla ya kumwuliza mwenyewe. Na siku ya mshahara iwe ile ile ya malipo ya maziwa, kabla fedha hazijafika dukani.