Nani Aliuza Njegere za Barafu?

Wasee mnaosema Plants vs. Zombies 2 ni bora kwa sababu ni ya bure, ngojeni kidogo. Ile ya kwanza, ya 2009, niliichezea saiba moja Kondele, mwaka nilioacha chuo kwa kukosa karo. Unaanza na jua 50, na alizeti moja ni jua 50. Wote tunaanzia hapo, mwenye karo na asiye nayo. Ukikosea kupanda, zombi akaingia ndani kula ubongo, hiyo ni juu yako.

Ina makosa, sikatai. Hatua za mwanzo zinakokota kama matatu inayongoja ijae, na ukishapanda safu mbili za alizeti, karibu umeshinda. Tena mvuvi wa Dunga atacheka: eti mimea ndiyo inalinda nyumba? Hapa upepo ukisukuma gugumaji ufuoni, mashua haitoki. Kwetu mmea ndio zombi.

Lakini njegere ya barafu, ile inayompunguzia zombi mwendo, ulipewa kwa kucheza tu. EA ikanunua PopCap 2011. Ya pili ikatoka 2013, na njegere ileile, pamoja na Jalapeno na Squash, ikawekwa dukani kwa pesa halisi. Bure gani hiyo?

Mdogo wangu amekwama hatua moja wiki ya pili sasa. Jana aliniuliza kama M-Pesa yangu iko na kitu. Iko na bob arobaini. Nikamfungulia ile ya zamani kwa laptopu.