Istilahi Huzaliwa na Maelezo

Wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakiwezi kufundishia sayansi hadi istilahi zake zote zipatikane. Hoja hii haina mashiko. Aghalabu maelezo ndiyo huzaa istilahi bora, na kanuni moja ya umeme yatosha kulithibitisha hilo.

Tuseme saketi ina betri mbili, moja ya volti 12 na nyingine ya volti 6. Kila betri ina kikinza chake, yaani kifaa cha kuzuia mkondo, cha omu 2. Kisha zote mbili, zikielekea upande mmoja, hulisha kikinza cha pamoja, nacho cha omu 2. Je, ni mkondo kiasi gani unaopita katika kikinza hicho cha pamoja? Kanuni yaelekeza kila betri ichunguzwe peke yake. Betri ya volti 6 ikiondolewa, na mahali pake pakaunganishwa kwa waya mtupu, ile ya volti 12 hupitisha ampea 2. Ya volti 6 nayo, ikichunguzwa vivyo hivyo, hupitisha ampea 1. Matokeo yakijumlishwa, mkondo ni ampea 3.

Kanuni hii iitweje? Jina lake la kigeni likitoholewa huwa supaposisheni, neno linalotamkika lakini lisilomfunulia mwanafunzi lolote. Neno "mlimbikano" lavutia sikio, ila lapotosha. Betri ya volti 6 ikigeuzwa, mikondo miwili hupingana na kubakisha ampea 1 tu. Isitoshe, nguvu za umeme hazijumlishwi hivyo: betri zikiwa mbalimbali, kikinza cha pamoja hupokea wati 8 na wati 2, zikiwa pamoja hupokea wati 18, wala si 10. Mwanafunzi aliyefunzwa "mlimbikano" atajumlisha kila kitu na kukosea. "Mwekeleano" lafaa zaidi, kwani athari moja huwekelewa juu ya nyingine, ziafikiane au zipingane. Uteuzi huu usingewezekana kabla ya kanuni yenyewe kuelezwa.

Mgala muue na haki yake umpe. Wanaolalamikia uhaba wa istilahi wana sababu, na kazi kama Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) ina thamani kubwa. Hata hivyo, kamusi hutoa majina, haitoi somo. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, ilhali fizikia katika shule za upili ingali inafundishwa kwa Kiingereza.

Yafaa basi idara za Kiswahili zishirikiane na zile za fizikia, na kila anayependekeza istilahi aandike kwanza somo zima la dhana husika. Istilahi isiyoweza kuhimili somo, haifai kuingizwa kamusini.